Matairi ya gari dogo Mombasa: ya kununua na ya kuacha

Joto na mvua ya masika ndivyo vinavyolijaribu tairi hapa Mombasa, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, soma ubavu wake. Chukua 195/65R15 91H, saizi ya Premio na Allion nyingi. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Hiyo 91 ni namba ya mzigo, yaani kilo 615 kwa kila tairi, na H ni kasi ya juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. Saizi ya gari lako imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya mzigo isiwe chini ya iliyotoka na gari.

Halafu tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: 1825 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2025. Mara nyingi huwa upande mmoja tu, basi likague tairi kabla halijapanda kwenye rimu.

Nafasi ya kwanza tunaipa tairi jipya la lami, lile ambalo Ulaya huitwa la kiangazi: Bridgestone Ecopia, Michelin Energy, Yokohama BluEarth. Mpira wake haulegei kwa joto. Palipoandikwa TRACTION (kushika lami yenye maji) na TEMPERATURE (kustahimili joto), chagua angalau A kwa zote mbili. TREADWEAR (namba ya kudumu kwa meno) hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja tu.

La pili ni jipya la bei nafuu, kama Linglong, Apollo au CEAT. Kwa mizunguko ya Nyali na Bamburi linatosha kabisa. Ukiwa msafiri wa Nairobi, TEMPERATURE C iache dukani. Probox ya mzigo nayo ina matairi yake, yenye LT au C (alama ya gari la mzigo, si daraja la joto) kwenye saizi.

La mtumba ni la tatu, na kwa shingo upande. Pitisha mkono ndani utafute kiraka karibu na bega, pale ubavu unapoanza, kisha likunje uone kama mifereji ina nyufa. Likizidi miaka mitano, achana nalo hata kama meno yamejaa.

Mkiani kabisa ni studless, tairi la theluji lisilo na misumari, ambalo magari mengi ya Japani hufika nalo bandarini. Utalijua kwa neno STUDLESS ubavuni, pengine na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji, na kwa vijimkato vyembamba vilivyojaa kila jino. M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi kulitambua, maana huandikwa hata kwenye matairi ya magari ya porini. Mpira wake ni wa baridi: kwa joto letu hulainika, huliwa upesi, na gari huchelewa kusimama.

Ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari hugeuka. Upepo pima asubuhi kabla ya safari. Usiupunguze tairi likiwa na moto: likipoa litakuwa na upungufu, ubavu utakunjwa zaidi, na joto la kukunjwa huko ndilo hupasua.

Na kabla tairi jipya halijakaa, mwambie fundi asugue ukingo wa rimu kwa brashi ya waya. Chumvi ya bahari huotesha vipele pale mdomo wa tairi unapokaa, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo na pancha haionekani. Valvu nazo zibadilishwe papo hapo.