TAHADHARI: Anayeuza AC za trela kwenye magrupu yetu ya Texas, picha anayotumia ni ya trela langu

Wakuu habari zenu, hasa nyie wa Houston, Dallas na Austin mnaojiandaa na safari za kambi kipindi hiki cha joto. Nilishaamua kunyamaza maana kupigwa ukiwa mtu mzima ni aibu, lakini juzi usiku nimefungua grupu moja la WhatsApp la Wabongo na Wakenya wa huku nikakuta tangazo, "AC mpya za trela BTU 13,500, dola 450 pamoja na kufungiwa, wateja wetu wanafurahi", na picha chini yake (BTU ni kipimo cha joto, kwa AC ni joto inaloweza kutoa ndani kwa saa moja). Trela la kwenye ile picha ni langu. Mstari wa bluu, taa ya nyuma kushoto imepasuka, ndala za mwanangu mlangoni. Ile picha nilimtumia mimi mwenyewe siku aliyomaliza kufunga, nikimshukuru! Sasa anavulia wengine.

Hadithi yenyewe iko hivi. Mwezi wa nne nilinunua katrela kadogo ka mkono wa pili, futi 16, kitanda, meza, jiko la plet mbili, basi. Halikuwa na AC ila juu ya paa lina kidirisha cha hewa, tundu la mraba inchi 14 kwa 14, na kwa wasiojua hilo tundu ndio saizi ya kawaida ya AC za paa kwenye matrela mengi ya Marekani, unatoa kidirisha unakalisha AC palepale unakaza bolti nne kwa ndani. Nikauliza kwenye grupu nani ana fundi. Ndani ya dakika kumi jamaa kaja inbox, Kiswahili safi cha Kariakoo, ananiita kaka mkubwa, waifu anamwita shem ingawa hajawahi kumuona, ametaja mpaka mtaa niliosoma sekondari. Mtu akikuongelesha hivyo ukiwa ughaibuni unalainika, si uongo. Mpya za majina yanayojulikana dukani zinaanzia mia sita, mia saba na kwenda juu, yeye anasema 450 na kufunga juu, kwamba kampuni iliyokuwa inamuajiri ilifunga wakagawana stoku. Nikatuma advansi dola 250 kwa Zelle, ile ya kutumiana hela kutoka benki kwa benki.

Akaja saa tatu usiku. Hapo ndio ningejiongeza, maana AC inajaribiwa mchana wa jua, sio usiku, na mimi nilimwambia aje mchana akasema ratiba imembana. Akapanda na mdogo wake wakaipandisha (mzigo ule sio mchezo, AC za paa zina kilo 35 mpaka 45), akapaka silikoni pembeni, akachomeka waya kwenye soketi ya gereji, akawasha. Upepo ukatoka. "Weka mkono hapo kaka, unaisikia?" Nikaweka mkono nikaisikia. Nilichosikia ni feni. Feni usiku kwa mtu aliyetoka kutokwa jasho inahisi kama barafu, lakini mimi nina furaha, watoto wanaruka ruka, nikamtumia 200 iliyobaki na ile picha juu yake.

Kesho yake saa nane mchana nawasha, inapuliza joto kama mdomo wa oveni. Nampigia, anajibu fasta tena bila wasiwasi, "kaka umeme wa nyumbani ni mdogo, hiyo inataka soketi ya amp 30 ya kambini, ukifika kule itapiga mpaka muombe blanketi". Angalieni huo uongo ulivyopikwa, nusu yake ni kweli kabisa. AC ya paa ya 13,500 kompresa (ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea) ikiwa inafanya kazi inakula kama amp 12 mpaka 15, na pale inapowaka inavuta nyingi zaidi kwa sekunde chache, soketi ya nyumbani ya amp 15 yenye ekstensheni nyembamba ndefu inaweza kweli kushindwa. Lakini ikishindwa breka inaruka au kompresa inaunguruma na kukata. Haikai inapuliza upepo wa moto kimya kimya masaa mawili. Mimi sikulijua hilo.

Na hapo hapo akaniuzia kitu cha pili, jamani. Eti kusaidia usiku kuna "AC ya kubebeka isiyo na bomba", dola 90, bei ya kaka mkubwa. Nikamuongezea hela mwizi wangu mwenyewe. Ni kale kaboksi keupe mnakokaona kwenye matangazo kila kona, unaweka maji, unachomeka kwenye waya wa simu, taa ya bluu inawaka. Naomba nikae hapa kidogo maana hii imepiga watu wengi kuliko ile ya paa.

AC yoyote duniani haitengenezi baridi, inachota joto ndani na kulitupa nje. Kama hakuna mahali pa joto kutokea kwenda nje, iwe bomba, iwe mgongo wa AC uliochungulia dirishani, iwe paa, basi hiyo sio AC, ni feni yenye maji. Maji yakikauka yanameza joto, ni kweli, lita moja ikikauka yote inameza kama BTU 2,300. Sasa kaboksi kangu kanabeba mililita 700 na kameandikwa kanadumu masaa 8, piga hesabu, ni kama BTU 1,600 kugawa kwa 8, unapata 200 kwa saa. Mtu mmoja aliyekaa tu hafanyi kitu anatoa joto la kama BTU 350 kwa saa. Yaani kale kadude hakanitoshi hata mimi peke yangu, achilia mbali mke na watoto wawili. Na yale maji hayaendi popote, yamebaki hewani humo humo ndani. Kwa mtu wa Arizona kwenye ukavu, feni kubwa za maji za kwenye madirisha zinafanya kazi vizuri sana, na hata nyumbani Dodoma inaweza kukusaidia, ila Houston au Galveston au Dar ambako hewa yenyewe imeshalowa, unajiongezea jasho kwa hela yako.

Tukaenda Galveston mwezi wa saba. Kambi nzuri, bahari hapo, soketi ya amp 30 ipo. Nachomeka, nawasha, joto. Saa tisa alasiri ndani ya trela kipimo kinasoma 97 za Fahrenheit, kwa Selsiasi ni 36, mwanangu wa mwisho kavua nguo zote kalala sakafuni mlangoni. Kwenye eneo la jirani kuna mzee wa Kimarekani anayeishi kwenye trela lake mwaka mzima, kaona tunavyohangaika akaja na mita ile ya kubana waya. Kafungua boksi la breka, kabana waya mmoja, amp 2 na kidogo. Akacheka kwa huruma. Akaniambia hiyo ni feni tupu, kompresa haijawaka hata kidogo, ingekuwa imewaka ungeona 12 au 13 hapa. Kajaribu na kapasita (kidude kinachoisaidia kompresa kuwaka) aliyokuwa nayo kwenye droo yake, kompresa kimya kama jiwe. Tukapanda juu tukatoa kava la plastiki. Pembeni ya mashine kuna stika mpya inang'aa, BTU 13,500, tarehe ya mwaka jana. Mzee kaikwangua kwa kucha, chini yake kibati chenyewe cha kiwandani kimeungua jua lakini kinasomeka. Gesi ya kupozea, R-22, ile ya zamani.

Hapo ndio kesi ilipoisha, na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Marekani ilikataza kutengeneza mashine mpya za R-22 kuanzia 2010, na tangu tarehe 1 Januari 2020 hata kuitengeneza na kuiingiza nchini hiyo gesi ikapigwa marufuku. Kwa hiyo ukiona R-22 kwenye kibati, huyo mtu anayekuambia "mpya ya kwenye boksi" anakuuzia chuma kilichokaa juani miaka kumi na tano au zaidi. Mpya utaona R-410A, na za sasa hivi zaidi R-32 au R-454B. Na akikuambia "tutajaza gesi tu", ujue AC nyingi za paa za trela zimefungwa jumla kiwandani, hazina hata mdomo wa kujazia, na anayegusa gesi huku anatakiwa awe na cheti cha EPA, shirika la serikali la mazingira. Muombe akuonyeshe uone atakavyokuwa na dharura.

Nikampigia mbele ya mzee. Mara ya kwanza kasema ni kapasita. Ya pili kasema nimeiharibu mimi. Ya tatu kaniblok. Tuliporudi mvua ikanyesha siku mbili, ile silikoni yake ikaachia, godoro likalowa. Nilipoandika kwenye grupu katoka chapu na kuna mtu akaniambia nisichafue jina la ndugu yetu, mambo ya watu wawili tuyamalize wawili. Ndani ya wiki watu watatu wakanifuata inbox, mmoja wa Dallas, AC ile ile, saa tatu usiku ile ile.

Hela sijapata. Benki wakaniambia Zelle uliituma mwenyewe kwa hiari, ni kama umempa mtu noti mkononi halafu kesho yake unaidai. Ningelipa kwa kadi ya kredit ningekuwa na siku 60 tangu bili itoke za kupinga malipo kwa maandishi. Nimeripoti FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, kwenye tovuti yao ya kuripoti utapeli, haikurudishii hela lakini rekodi inakaa, na wale watatu nimewaambia wafanye hivyo hivyo. Anayekataa kadi na anataka Zelle au Cash App tu, muacheni.

Kabla hujatoa hata dola moja omba picha ya kibati cha pembeni, sio ya boksi, kibati, chenye modeli, namba ya serial, volti, amp na aina ya gesi, halafu piga simu kiwandani uwape serial wakuambie ilitengenezwa lini. Halafu uione ikifanya kazi mchana, kama nusu saa. Chukua kipimajoto cha jikoni, pima hewa inayoingia na inayotoka, iliyo nzima inashusha kama nyuzi 16 mpaka 22 za Fahrenheit. Ikishusha 3 ni feni. Na shika na upande wa nje, lazima utoe joto, usipotoa joto nje baridi ya ndani imetoka wapi?

Na kusema ukweli hata ingekuwa nzima lile dude lilikuwa kubwa kwangu. Kwa trela la futi 16 AC kubwa inapoza haraka inakata, inapoza inakata, haipati muda wa kukausha hewa, unalala kwenye baridi yenye unyevu kama pango. Sasa hivi nimeweka AC ndogo ya dirishani ya BTU 5,000, nimenunua dukani na risiti, dola mia na hamsini na kitu, nimeikalisha dirisha la nyuma kwa fremu ya mbao. Inakula chini ya amp 5, inawaka hata kwa jenereta ndogo, ikizima nasubiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena. Ndani tulipata 76 mchana wa 95, za Fahrenheit. Angalia tu matundu yake ya pembeni yawe nje yote, ukiyaziba na mbao inajipika. Na jenereta iwe mbali na madirisha, moshi wake unaua na hauna harufu ya kutosha kukuamsha.

Zile za kusimama zenye bomba moja ni AC kweli, ila zina namba mbili kwenye boksi, kubwa ya ASHRAE (kipimo cha zamani) na ndogo ya SACC (kipimo kipya kinachohesabu na joto linalorudi ndani), ile ndogo ndio ya kuamini, kuna inayojiita 14,000 kumbe kwa SACC ni kama 10,000 au chini. Na anayefikiria kupakia AC ya huku kwenye kontena la kwenda Bongo, hizi ni volti 120 na hertz 60, kule ni 230 na 50, usijisumbue.

Jina na namba yake sitaweka hapa, maadmin wanazo, nimewatumia skrinshoti zote na picha ya kile kibati. Ila mkiona tangazo lenye katrela keupe kenye mstari wa bluu, taa ya nyuma kushoto imepasuka, ndala ndogo za njano mlangoni, hilo ni langu, na AC iliyoko juu yake kwenye hiyo picha iko gereji kwangu inangoja gari la vyuma chakavu.