Tafsiri za Kiingereza za sutta za Kipali: nilizozisoma na ninazozipendekeza

Kwa yeyote anayetaka kuzisoma sutta, yaani hotuba za Buddha mwenyewe, lakini hajui Kipali, lugha ya kale ya India zilimotunzwa, ushauri wangu ni huu: chagua mfasiri mmoja aliyetafsiri mikusanyo mizima, kisha ukae naye muda mrefu kabla ya kugusa wengine. Nimesoma tafsiri kadhaa za Kiingereza kwa miaka, na jambo lililonisaidia kuliko yote halikuwa uzuri wa lugha. Ni mfasiri kutumia maneno yaleyale kila mahali.

Sababu imo katika maandiko yenyewe. Sutta zilitunzwa kwa kukaririwa vizazi kwa vizazi kabla ya kuandikwa Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na ndiyo maana zimejaa mafungu yanayorudiwa neno kwa neno. Maelezo ya jhana nne, hatua za utulivu wa kina wa akili katika kutafakari, utayakuta katika mikusanyo yote minne mikuu ya sutta: Digha, Majjhima, Samyutta na Anguttara. Jambo lililotajwa kwa mstari mmoja Anguttara huenda limefafanuliwa kwa kirefu Majjhima. Mfasiri akibadilika, msomaji hawezi tena kutambua kwamba amerudi kwenye fungu lilelile, na hapo nusu ya mafunzo humpita.

Tafsiri za Pali Text Society, chama kilichoanzishwa na T. W. Rhys Davids mwaka 1881, ndizo zilizofungua njia. Nazisoma kwa heshima. Hata hivyo, baadhi ya zile za mwanzo zina Kiingereza cha kizamani chenye sauti ya Biblia, na sauti hiyo huniweka mbali na watu wanaozungumza ndani ya sutta. Ile ya Majjhima ya I. B. Horner, iliyotoka miaka ya 1950, ni makini, ila inahitaji subira.

Bhikkhu (yaani mtawa) Bodhi ndiye mwalimu wangu mkuu kwenye karatasi. Majjhima yake ya 1995, yenye hotuba 152, ilijengwa juu ya rasimu aliyoiacha Bhikkhu Ñāṇamoli, mtawa Mwingereza aliyefariki mwaka 1960. Samyutta ikafuata mwaka 2000 na Anguttara mwaka 2012. Maelezo ya nyuma ya vitabu hivyo ni hazina: anakuonyesha wafafanuzi wa kale walisema nini, na pale asipokubaliana nao anasema waziwazi. Kwa kujifunza kwa kina sijapata kitu kinachomzidi. Vitabu vyenyewe ni vizito mno, kwa hiyo usitegemee kumsoma Anguttara kitandani.

Lakini hata kwake istilahi zimehama. Chukua vitakka na vicāra, maneno mawili ya Kipali yanayotaja kazi ya akili katika maelezo ya jhana ya kwanza. Kwenye Majjhima amezitafsiri kwa namna moja, na kwenye Samyutta kwa namna nyingine, ingawa zote mbili zinabaki upande wa fikra. Bhikkhu Sujato, mfasiri mwingine, naye anazieleza kama kuiweka akili mahali pake na kuishikilia hapo. Kwa anayekaa kutafakari, tofauti hii si ndogo. Kwa tafsiri za Bodhi anaweza kuamini kwamba mawazo ya kawaida bado yapo ndani ya jhana. Kwa ya Sujato ataelewa kwamba yamekwisha kunyamaza. Isitoshe, Bodhi hajatoa Digha nzima, kwa hiyo mwenye vitabu vyake hulazimika kuongeza ile ya Maurice Walshe ya 1987. Inasomeka kwa urahisi, ila ni mkono mwingine na maneno mengine.

Hapo ndipo Sujato aliponivuta. Mwaka 2018 alitoa mikusanyo yote minne mikuu, kazi aliyoifanya kwa kiasi kikubwa katika kisiwa cha Qimei, Taiwan, akaiweka bure kwenye tovuti ya SuttaCentral bila kubakiza haki yoyote ya unakili. Kiingereza chake ni chepesi, cha watu wanaoongea. Unaweza kuweka Kipali kando ya tafsiri, mstari kwa mstari, na kwangu hilo ndilo lililonifundisha kuyatambua mafungu yale yanayorudi. Baadhi ya chaguo zake ni za kijasiri, nami sikubaliani nazo zote. Ila akichagua neno, ukilikuta tena katika mkusanyo mwingine unajua umefika wapi.

Ṭhānissaro Bhikkhu namsoma pia, naye kazi yake hutolewa bure. Anaandika kama mtu aliyeishi msituni na mafundisho haya, na utangulizi wake kabla ya sutta nyingi unastahili kusomwa peke yake. Ila ametafsiri sutta alizozichagua, na ana msimamo wake kuhusu mafundisho ya kutokuwa na nafsi, unaogusa namna anavyotafsiri. Mweke awe wa pili.

Kwa anayeanza leo: asome Majjhima ya Sujato mfululizo, na kila hotuba inayomgusa aifungue tena kwa Bodhi, pamoja na maelezo yake. Aanze na ya 63, ya mtu aliyechomwa mshale, kwa kuwa ni fupi na haihitaji kujua chochote kabla. Ya 10, kuhusu misingi ya uzingativu, aiache mpaka awe amesoma kadhaa, kwa sababu karibu kila sentensi yake inategemea maelezo yaliyomo katika sutta nyingine.