TAHADHARI: "Daktari wa masikio" anayezunguka Mwanza kaniuzia kelele kwa laki tatu na themanini

Wakuu, naandika nina hasira, mkiona maneno yamepinda mnisamehe. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kibanda changu kipo Buzuruga, hatua chache kutoka stendi, na kwenye kioo nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, wino mwekundu: ANGALIA JINA KABLA HUJATUMA. Ile karatasi ina miaka mitatu sasa, jua limeipausha. Nimewazuia akina mama wangapi wasitume hela ya "mjukuu wako kapata ajali"? Kuna mzee nilimnyang'anya simu kabisa, akanitukana, kesho yake akaniletea maembe. Basi huyo huyo mwenye karatasi ndiye kapigwa. Chekeni kwanza, nasubiri.

Masikio yangu mnayajua, hayasikii vizuri, na habari ya zile sindano za utotoni siirudii. Yaliyotokea kwenye kikao cha send-off mbele ya baba mkwe nayo siyarudii, waliokuwepo walikuwepo. Tangu siku ile nikawa natafuta mashine ya masikio usiku na mchana, wenyewe wataalamu wanaiita shimesikio, ila mimi nilitaka isiyoonekana. Nina miaka 25. Sikutaka kitu kikubwa kining'inie nyuma ya sikio kama cha babu. Mwaka jana niliulizia sehemu moja nikatajiwa laki nane. Nikashukuru, nikageuka. Nilipofika mlangoni ndiyo nikakumbuka kuuliza kama ni kwa masikio yote mawili. Ni kwa moja.

Na kazi yangu haina huruma. Mteja yupo nje ya kioo, basi la Musoma linaunguruma mgongoni kwake, anasema "niwekee tisini." Mimi nasikia sitini. Jaribu mwenyewe kuyatamka hayo mawili, utaona yanatofautiana wapi: ni hizo t na s tu, na hizo ndizo zisizonifikia. Sita na tisa, sitini na tisini, kila siku. Nimezoea kumwambia mtu "andika," wengine wanadhani naringa.

Sasa huyu jamaa. Sikumtoa mtandaoni, msianze. Nililetewa na mtu ninayemheshimu, tunaimba naye kwaya, ambaye naye kaletewa na shemeji yake. Nikaambiwa ni daktari wa masikio, anatoka Dar, yupo Mwanza wiki mbili tu, ana mashine za ndani kabisa ya sikio, za Ujerumani, hata mumeo wa ndoa hajui. Nikapiga simu. Akapokea kwa adabu, akaniuliza ninaishi na nani, nikamwambia na mama, akaomba amsalimie. "Mwangaluka mayo!" Mama akacheka mpaka akakaa chini. Wakaongea Kisukuma dakika tano nzima. Simu iliporudi kwangu mama alishaamua kwamba huyu ni mtoto wa watu.

Jumanne nikafunga kibanda mapema nikaenda mjini. Ofisi ipo ghorofani juu ya duka la vitambaa, si mbali na Makoroboi, jengo silitaji kwa sababu mwenye jengo hana kosa. Nikiri kwamba nilipanda zile ngazi nina wasiwasi. Nikafungua mlango nikakuta feni, kapeti, meza ina kitambaa cheupe, sanamu la plastiki la sikio linalofunguka unaona vya ndani, na yeye kavaa koti jeupe lenye kalamu mbili mfukoni. Ukutani kuna cheti chenye mihuri. Kulikuwa na bibi mmoja anatoka akiwa ameshika boksi, ananitabasamia. Leo najiuliza kama yule bibi naye alikuwa mteja au mwenzie.

Hakuharakisha. Hilo ndilo lililoniua. Tapeli ninayemjua mimi ana haraka, "tuma sasa hivi, ofa inaisha." Huyu aliniuliza nilianza lini kutosikia, akaandika. Akanivalisha hedifoni zilizochomekwa kwenye simu yake, akanichezea sauti tii, tii, niinue mkono nikisikia. Akatikisa kichwa kama mtu anayesoma barua ya msiba, akasema, "Dada yangu, umechelewa kidogo, lakini hujachelewa sana." Nyie, mtu ambaye hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba hajachelewa, hayo maneno yanaingia.

Halafu akafunga dirisha. Akafunga mlango. Akazima feni. (Kumbukeni hiyo feni.) Akatoa kiboksi chekundu, ndani vipo viwili vidogo kama punje za maharage, akavivisha vikofia vya mpira, akanisukumia taratibu sikio la kulia, kisha la kushoto. Akazungusha kitu kwa bisibisi ndogo. Akakaa kimya.

Nikasikia saa. Kuna saa ya ukutani mle ndani na mimi sikuwa nimeiona hata kuiona, nikasikia tak, tak, tak. Nikasikia koti lake likisuguana na kiti. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuka akanipa mgongo, akasema kwa sauti ya chini, "Unasikia ninachosema?" Nikasikia. Nikalia. Sioni haya kulisema hilo, nililia pale kwenye kiti, akanipa tishu, na tishu zilikuwa tayari mezani. Yaani zilikuwa zinasubiri.

Bei akasema ni milioni moja na laki mbili, lakini kwa sababu ya mama, ananifanyia laki tatu na themanini zote mbili. Nilimwambia sina zote. Akasema sawa, toa laki mbili leo, chukua mashine nenda nazo nyumbani, iliyobaki Ijumaa. Ni tapeli gani anayekupa mzigo kabla hujamaliza? Nikatoa simu. Nikaandika namba yake. Likaja jina la mwanamke.

Nililiona. Nisidanganye hapa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na jina nimelisoma, la kike, majina matatu. Ni lile swali ninalowauliza watu mara arobaini kwa siku: "Unamjua huyu?" Nikainua macho, naye kabla sijauliza akasema, "Hiyo ni laini ya mhasibu wetu." Nami nikaona haya kumuuliza mhasibu mtu aliyetoka kunisikilizisha saa. Nikatuma. Ijumaa nikatuma tena laki na themanini, jina lile lile, safari hii hata sikusita.

Siku ya kwanza kibandani nilidumu robo saa. Kila kitu kilikuja kwa nguvu ile ile: injini, honi, konda anayeita abiria wa Magu, redio ya fundi viatu, mfuko wa nailoni wa muuza karanga, na katikati ya hayo yote mteja anafungua mdomo na mimi bado nasikia sitini. Sitini kubwa zaidi, lakini ni sitini. Jumapili nikavuka na kivuko cha Kamanga kwenda kumuona bibi. Upepo wa ziwa ulipoingia kwenye vile vidude ilikuwa kama mtu anachana bati ndani ya kichwa. Nikavitoa nikaviweka kwenye sidiria.

Halafu kuna mluzi. Ukitafuna vinapiga mluzi, ukicheka vinapiga, ukiegemea kioo vinapiga. Mteja mmoja kainama dirishani kuchukua risiti, sikio langu likalia fiiii, akarudi nyuma akasema "dada simu yako inaita." Vitu nilivyonunua ili visionekane, watu wanavisikia kabla yangu.

Nikampigia. Akasema ubongo unazoea, subiri wiki tatu. Betri zikaisha siku ya nne, akasema nitoe stika za betri zote nilizopewa, niziache wazi zipate hewa, ziwe tayari. Nikatoa. Baada ya wiki zote zimekufa, hata ambazo sijaziweka. Nikapiga, namba haipatikani. Nikaenda mjini, mlango una kufuli, muuza vitambaa anasema yule alipanga kwa siku kumi.

Kwa hiyo nikaenda hospitali, mahali nilipotakiwa kuanzia. Dada wa kipimo alichungulia kwanza masikio, sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta, na vile vidude vilikuwa vinaisindikiza ndani zaidi. Akalisafisha. Akaniingiza kwenye kile chumba kisichopitisha kelele, akanipima kila sikio peke yake, akanipa karatasi ya odiogramu, yaani mchoro wa usikivu wangu. Sauti nzito, kwenye 250 na 500 Hz, nazisikia kwenye desibeli 20, karibu kama nyie. Kuanzia 2000, kwenye sauti nyembamba, mstari unateremka kama njia ya kushuka kilima cha Bugando, 4000 nipo kwenye 60, yaani mpaka sauti iwe kubwa sana ndipo niisikie. Ndiyo maana injini naipata na s siipati. Mashine halali inaunganishwa na kompyuta ikapangwa kufuata huo mstari, inainua panapozama tu. Vyangu akavigeuzageuza, akavuta taa, akanisomesha maandishi madogo chini ya boksi: ni vikuza sauti. Vinakuza vyote sawasawa. Chumba kikiwa kimya, feni imezimwa, hata wewe usiye na tatizo utaisikia saa na utashangaa.

Kuhusu betri hakucheka, ila nilimwona akijizuia. Zile hutumia hewa. Ukibandua stika tu imeshaanza kuisha, uivae usiivae. Anayezijua hawezi kumwambia mtu abandue zote.

Sasa naomba nitoe ya moyoni. Huyu mtu asifungwe tu. Namtakia jela ya Butimba, ndiyo, lakini kabla ya hapo avalishwe vile vidude vyake viwili, betri mpya, asimamishwe stendi ya Buzuruga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, na kila konda ampigie kelele sikioni. Halafu apelekwe kwa mama yangu amwambie Mwangaluka tena. Zaidi ya nusu ya hizo hela zilikuwa za vitenge vya send-off. Mama hajui mpaka leo, anayemjua akae kimya. Na yule wa kwaya simlaumu, naye kapigwa, alimnunulia baba yake mzazi, lakini kaka, tutaongea. RB ya polisi nimeshachukua, ile namba nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kama kuna mwingine kapigwa na mtu huyu, atafute ujumbe wa muamala wake, usiufute, tuungane. Mmoja mmoja tunaonekana wajinga, tukiwa kumi ni kesi.

Mtauliza nilipaswa kumgundua wapi. Sijui, pote. Mashine zote mbili zilikuwa sawasawa, wakati zile za kweli huwa na alama nyekundu ya kulia na bluu ya kushoto. Hakuchungulia sikio hata mara moja, angeona nta. Cheti chake cha ukutani niliwahi kukipiga picha nikimrekodia mama sanamu la sikio, nimekikuza juzi: ni cha mwaka jana, kina muhuri wa TFDA, ile mamlaka yetu ya chakula na dawa. TFDA ilishabadilika kuwa TMDA tangu 2019! Pembeni kina tai la Marekani na neno FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kwao, na FDA wenyewe hawatoi vyeti vya usajili kwa kampuni za vifaa tiba, kwa hiyo kile ni karatasi ya stationery tu. Alinisomea pia kwamba Marekani siku hizi mashine za masikio zinauzwa bila kipimo. Hiyo ni kweli, tangu Oktoba 2022, kwa watu wazima ambao tatizo lao ni dogo au la wastani, ila zile ni shimesikio, si kikuza sauti cha kwenye gunia. Na jina la mwanamke. Na tishu.

Jingine, kwa wenye umri wangu mnaotaka isionekane. Dada wa kipimo alinishika rasta zangu akauliza, "Nywele zote hizi, nani ataiona?" Kuna ya kukaa nyuma ya sikio yenye mrija mwembamba kama uzi, haizibi tundu, kwa hiyo sauti nzito unazipata mwenyewe kama kawaida. Zile za kuzama ndani kabisa hutumia betri namba 10, ya stika ya njano, ndogo kuliko zote zinazotumika sana, inaisha baada ya siku chache, na nta inaziharibu upesi. Nilikuwa nalipia mateso. Halafu tazama bodaboda wote pale nje, kila mmoja ana kidude cheupe sikioni, hakuna anayemuuliza.

Sijanunua nyingine, nadunduliza. Vile vidude vipo kwenye droo ya floti, daktari, ukitaka kuvichukua kibanda unakijua. Wateja wangu, nafungua saa moja asubuhi kama kawaida. Karatasi ya kwenye kioo sijaitoa. Ukifika, nitazame usoni ndiyo uongee, na kama ni tisini, andika.