Mashine moja, watoto wanne: kabla hujanunua gemu, tazama tundu la chaji

Nilinunua PS4, mashine ya gemu ya Sony, ya mtumba ili wanangu wawili na watoto wawili wa dada yangu wachangie. Miezi miwili haijaisha, padi tatu kati ya nne, yaani vile vidude vya mkononi vya kuchezea, zimelala kwenye droo. Mashine yenyewe nzima kabisa. Kilichokufa ni tundu la chaji.

Padi ya mtu mmoja hupumzika. Ya watoto wanne haijui usiku: mmoja akifungwa anampokeza mwenzake, chaji inaisha katikati ya mechi, waya unachomekwa huku wanacheza, mwingine anakatiza kwenda jikoni na kuukwaa. Tundu la padi ya PS4 ni lile jembamba la simu za zamani. Nilipofungua moja kwa bisibisi, nilikuta limepinda upande na kiulimi cha ndani kimevunjika. Tena huku Raskazone, Tanga, upepo wa bahari unatia kutu kila chuma kilicho wazi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni PS5, mdogo wake PS4. Mimi ni mtu wa Sony na sifichi. Padi yake ina tundu la taipu C, pana na imara zaidi, na waya unaingia upande wowote.

Kama mfuko hauruhusu, chukua PS4, nayo inapokea padi nne kwa mpigo. Ila nunua na stendi ya chaji inayoshika vile vyuma vya chini ya padi. Tundu halitaguswa tena. Stendi zinazochomeka kwenye tundu lilelile ziache.

Xbox One, mashine ya Microsoft, padi zake hutumia betri mbili ndogo za dukani, kwa hiyo ugonjwa huu haupo, lakini kwa watoto wanne utakuwa kiguu na njia kununua betri. PS2, ile ya zamani ya Sony, padi zake ni za waya na ina matundu mawili tu ya kuzichomeka. Basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Hapa mjini, Ngamiani, niliuziwa padi kwa shilingi 45,000 kwa jina la orijino, boksi linang'aa, kumbe feki. Nilipotaka kuijaribu kwanza nikaambiwa, "Dada, boksi likifunguliwa umeshanunua." Pesa ni yangu, kwa nini nisijaribu? Sasa natembea na waya na paua benki mkobani. Nachomeka palepale kaunta, nasubiri taa ya rangi ya chungwa, kisha nautikisa waya taratibu. Taa ikizima, padi naiacha hapohapo.