Washauri wa biashara za familia hapa Mwanza: hela imeenda kihalali, ila ziwa hawalijui

Kuna watu wananiuliza sana kuhusu ile ofisi ya ushauri wa biashara za familia tuliyoenda na ndugu zangu, jina ntampa mtu inbox, hapa sitaki ionekane natangaza. Bei laki nane kazi nzima, nusu unatanguliza, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa.

Sisi tunauza dagaa jumla pale Kirumba Mwaloni. Mzee alipoacha kuja sokoni sababu ya miguu, broo mkubwa akakamata kila kitu, funguo, simu ya miamala, daftari la madeni. Broo ni mtu wa watu na hapo ndo shida ilipo, mteja akilia njaa kidogo anapewa mzigo kwa mali kauli, mvuvi akiomba mafuta na betri za taa anapewa, hela hazirudi, na ukimuuliza anakujibu mimi ndo mkubwa hapa. Sasa nani wa kumwambia kaka yake asishike tena hela? Dada alijaribu wakanuniana miezi.

Nilichopenda, yule mama mshauri hakutuweka meza moja mwanzoni. Alituita mmoja mmoja, hata mama alikaa nae karibu saa zima, halafu kila mtu akaandika kwenye karatasi yake kazi zake ni zipi na anachukua sh ngapi kwa mwezi. Zilipobandikwa ukutani tukakuta watu watatu tumeandika "kukusanya madeni" na hakuna hata mmoja aliyeandika kuhesabu magunia yanayoingia, mpaka broo mwenyewe akacheka. Maongezi ya kweli yalianzia hapo.

Halafu akatuelewesha kitu ambacho kwangu chenyewe tu kilitosha hiyo laki nane, kwamba hisa na kazi ni vitu viwili. Sisi tulikuwa na jina la biashara tu kule BRELA, kwa wasajili wa biashara, limesajiliwa kwa mzee, kwa hiyo kisheria biashara ni mzee mwenyewe na akifariki inaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na ng'ombe. Mkifungua kampuni broo anabaki na hisa zake na gawio lake hata kama hagusi droo, na mkurugenzi akizingua wenye hisa wanapiga kura, ikizidi nusu anatoka kwenye ukurugenzi. Undugu haupigiwi kura.

Uamuzi wenyewe hawakutufanyia na naona ndo sawa. Alimgeukia mzee, shikamoo tena, akamuuliza unataka nani ashike hela. Mzee akasema dada yenu. Broo akatoka nje kuvuta sigara, tukajua basi keshaondoka, ila akarudi akauliza mimi sasa nitafanya nini. Akapewa manunuzi visiwani, Ukerewe huko na kwingine, kazi ambayo kusema ukweli anatuzidi wote.

Sasa malalamiko. Ripoti imeandikwa Kiingereza kurasa kibao, mzee ataisomaje? Tukaomba ya Kiswahili tukaambiwa tuongeze laki moja, jamani. Na ratiba ya madeni waliyotupangia eti wavuvi walipe kila Ijumaa, wakati mtu yeyote wa Mwaloni anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na mfukoni hamna kitu, utamdai nini? Dada kaibadilisha, wanalipa giza likiisha. Hilo wangetuuliza tu tungewaambia bure.

Nawapa nyota nne. Mkienda bebeni daftari la madeni na makaratasi ya BRELA na ya kodi ya TRA, na lugha ya ripoti mkubaliane kabla hamjatanguliza hela. Ila kama mirathi yenu ishafika mahakamani msipoteze nauli, wanasema mapema kabisa hiyo ni ya wakili.