Uzoefu wangu: huduma ya kurekebisha folda ya pamoja ofisini, Tabora

Naandika kwa ajili ya wenye ofisi ndogo hapa Tabora ambao kila mara wanasikia "imenikatalia" kutoka kwenye kompyuta moja au nyingine. Ofisi yetu inanunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo. Majina yao, kilo walizoleta na malipo yao viko kwenye folda moja ya pamoja, ndani ya kompyuta ya mezani ya mhasibu. Folda hiyo ikigoma siku ya malipo, wazee wanakaa kwenye benchi na ndoo zao tupu wakisubiri haki yao.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitoa ruhusa zote kwa kundi la Everyone, yaani kila mtu, akazima na paswedi, akaondoka. Ni kweli ilifunguka. Ila kuanzia hapo mgeni yeyote aliyepewa waifai angeweza kufuta orodha ya malipo. Mle mna namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kazi ya namna ile mimi siiiti matengenezo.

Yakaibuka mawili. Laptopu mpya yenye Windows 11 Pro ilikataa kabisa kuingia kwenye folda, wakati za zamani zinaingia. Halafu mafaili machache ya malipo yakawa yanafunguka kwa mhasibu peke yake.

Kijana tuliyemwita safari hii hakugusa kitu kabla ya kuuliza. Swali lake la kwanza: mafaili mengine ndani ya folda hiyohiyo yanafunguka? Yanafunguka. Basi, akasema, waya ni mzima, mtandao ni mzima, na folda yenyewe mnaifikia; tatizo liko kwenye mafaili hayo. Akatueleza kwamba folda ya pamoja ya Windows ina ruhusa za aina mbili: za kushirikisha, zinazomhusu anayeingia kupitia mtandao, na za diski yenyewe, yaani NTFS, zinazomhusu kila mtu hata aliyekaa mbele ya mashine. Ukiingia kwa mtandao, zote mbili zinapimwa, na ile inayobana zaidi ndiyo inayotawala. Ndiyo maana unaweza kutoa ruhusa zote upande mmoja na mtu bado akakataliwa.

Akabofya faili mojawapo, akaingia kwenye kichupo cha Security, kisha Advanced, kisha Effective Access, panapoonyesha ruhusa alizonazo mtu kwa kweli, akaandika jina la dada wa mapokezi. Alama nyekundu za kukataliwa zikajipanga hadi chini. Kumbe mafaili yale yalihamishwa kutoka folda binafsi ya mhasibu, iliyo kwenye diski hiyohiyo. Faili ukilinakili, nakala inachukua ruhusa za folda inakokwenda. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, linabaki na ruhusa za lilikotoka. Mhasibu hakuwa na namna ya kulijua hilo, na hakuna ujumbe wowote uliomwambia.

Kabla ya kurekebisha, alihifadhi ruhusa zilizokuwepo kwa amri ya icacls, ili mambo yakiharibika turudi tulipokuwa. Hapo ndipo nilipomwamini. Kisha akafanya mafaili yote ya ndani yarithi upya ruhusa za folda mama, na Everyone akaiondoa.

Kuhusu laptopu mpya, hakupoteza muda. Windows 11 Pro toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na paswedi, na folda yetu ilikuwa imeachwa hivyo. Wapo wanaoshauri kulegeza mpangilio huo wa usalama, yeye alikataa. Akarudisha paswedi, akamfungulia kila mfanyakazi akaunti, akatengeneza makundi mawili: uhasibu wanabadili, mapokezi wanasoma tu. Hakutumia alama ya kukataza hata sehemu moja, kwa kuwa katazo kwa kawaida linashinda ruhusa, na mtu aliye kwenye makundi mawili anaweza kufungiwa nje bila sababu kuonekana.

Dada wa mapokezi alikataliwa tena baada ya kuingizwa kwenye kundi, tukashtuka. "Toka kwenye akaunti uingie upya, dada yangu," akamwambia. Akaingia. Mabadiliko ya kundi hayamfikii mtu aliyekwisha kuingia.

Dosari ninazo. Alichelewa nusu siku bila kupiga simu, na hakutuachia maandishi yoyote. Ilibidi niandike mwenyewe nani yuko kundi gani. Bei, sh. 60,000, naiona ni ya haki, maana alikaa mpaka kila mtu akafungua faili lake mbele yake.

Alitutahadharisha pia kwamba Windows ya kawaida, isiyo ya seva, inapokea vifaa 20 tu kwa wakati mmoja. Sisi hatujafika huko. Tumekubaliana arudi kutuwekea nakala ya kila siku kwenye diski ya nje, kwa sababu ruhusa hazizuii diski kufa umeme unapokatika ghafla.