Jeli ya utrasaundi imenitoa vipele, wao wananiambia ni joto

Nilikwenda kupima utrasaundi kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, mimba ya miezi sita. Kipimo chenyewe sina neno. Mpimaji alikuwa mpole, akanigeuzia skrini nikamwona mwanangu akirusha miguu. Nilitoka pale natabasamu peke yangu.

Kesho yake usiku tumbo likaanza kuwasha. Kufika asubuhi vipele vimejaa, vingine vina maji. Nikasimama mbele ya kioo: kwa chini vimekatika mstari ulionyooka, pale pale nilipokuwa nimeikunjia kanga wakati wa kupimwa. Joto gani hilo linalojua mwisho wa kanga?

Nikarudi. Dada wa mapokezi hata kichwa hakuinua. "Mama, wajawazito wote wanawashwa. Ni joto hilo." Nikamwomba kitu kimoja tu, nione jeli imeandikwa nini. "Ile ni maji tu." Nilivyong'ang'ania, akaileta. Chupa kama ya tomato sosi, mdomoni ina ukoko uliogandamana, lebo hakuna. Wanajaza kutoka kwenye dumu. Dumu lenyewe liko wapi? Limeshatupwa.

Maji tu! Daktari wa ngozi amenieleza kuwa jeli hizi huwekwa dawa za kuzuia zisiharibike, nyingine zina propilini glaikoli, kemikali ya kuzuia jeli isikauke, nyingine manukato, na zipo ngozi zinazovikataa. Mzio wa aina hii hauji papo hapo, mara nyingi huchukua siku 1 hadi 3, ndiyo maana wengi hawajui umetoka wapi. Nami nilipewa kipande kimoja cha tishu, kikachanika, jeli ikanikaukia tumboni mpaka nyumbani. Nikishajifungua nitabandikwa vibandiko vya kupima mzio mgongoni, kila kimoja na kitu chake, kwa saa 48 tujue ni kipi hasa kilichonidhuru. Lebo ingetupunguzia kubahatisha.

Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba nendeni, wanapima vizuri, ila mjifute kwa maji. Na kweli wanapima vizuri. Lakini mtu anakuonyesha tumbo lake limeumuka, wewe unachezea simu?

Mwezi ujao nina kipimo kingine. Yule mpimaji ningependa anipime tena yeye... hapana. Naenda kwingine, na sipandi kitandani kabla sijaiona chupa.